Gunia Lisilofunguliwa: Hoja Kuhusu Kuieleza Kompyuta kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaanza na jambo dogo ili kufikia jambo kubwa. Jambo dogo ni fanksheni moja iliyomo katika maktaba ya lugha ya C, iitwayo sendfile. Kazi yake ni kuchukua data zilizomo katika faili na kuzipeleka kwenye soketi ya mtandao bila kuzipitisha mikononi mwa programu iliyoziagiza. Jambo kubwa ni swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa Kiswahili kwa muda mrefu: je, lugha huwa imeimudu taaluma fulani inapokuwa na orodha ya istilahi zake, au inapoweza kuieleza taaluma hiyo kwa mtu asiyeijua? Dai letu ni kwamba orodha haitoshi, na kwamba katika taaluma ya kompyuta tumejishughulisha mno na orodha, tukayasahau maelezo.

Wazo la makala haya lilizaliwa mjini Songea. Kijana mmoja alikuwa akiwaelekeza wenzake namna programu inavyotuma faili kwenye mtandao. Alisema hivi: "Unaopeni faili, unaridi kwenye bafa, kisha unaraiti kwenye soketi." Kisarufi, sentensi hiyo ni ya Kiswahili: ina viambishi vya nafsi na njeo mahali pake, na vihusishi vyake ni sahihi. Lakini mmoja wa wasikilizaji, ambaye ni fundi umeme, aliuliza kwa nia njema kabisa ni soketi ipi hiyo inayoandikwa, maana soketi aijuayo yeye hufungwa ukutani. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaacha maneno yake yote na kuanza upya kwa mfano wa ghala la mahindi. Baada ya dakika chache kila mtu alikuwa ameelewa, pamoja na fundi umeme.

Tukio hilo linastahili kuchunguzwa na wanaisimu. Kijana hakukosa istilahi. Alikuwa nazo tatu au nne katika sentensi moja, zote zimetoholewa. Alichokosa mwanzoni, na alichokipata baadaye, ni maelezo.

2.0 Jina, istilahi na maelezo

Tunapendekeza kutofautisha ngazi tatu ambazo aghalabu huchanganywa katika mijadala yetu.

Ya kwanza ni jina. Neno sendfile ni jina ambalo mashine hulitambua herufi kwa herufi. Mwandishi wa programu akiandika "tumafaili" mahali pake, kikusanyi cha lugha ya C kitaikataa programu yake. Kwa hiyo jina halitafsiriwi, kama vile jina la mto halitafsiriwi kwa kuwa msafiri amebadilika. Wale wanaohofia kwamba Kiswahili kinataka kulifuta jina hili wanahofia jambo ambalo haliwezekani.

Ya pili ni istilahi, yaani neno ambalo wataalamu hukubaliana kulitumia kwa dhana: faili, soketi, bafa, kiini cha mfumo endeshi, prosesa. Hapa ndipo juhudi zetu nyingi zimeelekezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa 1967 na limesanifisha istilahi za nyanja nyingi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Katika kompyuta yenyewe, mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa 2004 programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, zikijulikana kama Jambo OpenOffice. Kazi hizi ni za kujivunia, na makala haya hayakusudii kuzibeza.

Ya tatu ni maelezo: aya nzima, au kurasa nzima, zinazoonyesha kitu kinavyofanya kazi, kwa nini kikabuniwa, na kinashindwa wapi. Ngazi hii ndiyo tuliyoiachia Kiingereza. Menyu yenye neno "Hifadhi" humwambia mtumiaji abonyeze wapi, lakini haimwambii nini hutokea akishabonyeza. Lugha inayoishia kwenye menyu imepewa kibao cha mlangoni na kunyimwa nyumba.

3.0 Jaribio: sendfile kwa Kiswahili

Hoja ya namna hii haifai kuachwa hewani. Tujaribu basi kuieleza fanksheni yenyewe, kwa kufuata na kurekebisha mfano wa yule kijana.

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake Songea. Aidha, wakulima wa korosho wa Tunduru, katika mkoa huohuo, wanaufahamu utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao ulipewa sheria yake 2005. Katika utaratibu huo mazao hukaa ghalani, na karatasi ndiyo inayotembea. Mwenye stakabadhi haingii ghalani kuhamisha magunia kwa mikono yake. Huionyesha stakabadhi, na wenye ghala hufanya kazi.

Ndivyo inavyofanya kazi kompyuta. Ghala ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho peke yake kina ruhusa ya kugusa diski na kadi ya mtandao. Programu ni mteja aliye nje ya uzio. Programu inapofungua faili haipewi faili. Hupewa namba, ambayo ni stakabadhi tu. Inapofungua soketi, yaani mlango wa kupitishia mawasiliano baina ya programu mbili, hupewa namba nyingine. Soketi za aina hii zilienea kutokana na mfumo wa 4.2BSD uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 1983.

Sasa tuseme programu inataka kutuma faili kwa mtu aliye mbali. Njia ya zamani ina hatua mbili. Kwa fanksheni iitwayo read, programu huomba data: kiini huzitoa diskini, huziweka katika kumbukumbu yake, kisha prosesa huzinakili hadi katika bafa ya programu, yaani uwanja wa muda ambamo data hukaa zikisubiri kutumika. Kwa fanksheni iitwayo write, programu huzirudisha zilezile: prosesa huzinakili tena kutoka bafa ya programu hadi bafa ya soketi iliyo ndani ya kiini, ndipo kadi ya mtandao huzichukua. Kwa lugha ya ghala, mteja ametolewa magunia nje ya uzio, ameyapanga uani kwake, hakufungua hata moja, kisha ameyarudisha ndani ili yapakiwe kwenye lori lililokuwa limeegeshwa ndani siku zote. Data zimehamishwa mara nne: mara mbili na vifaa vyenyewe, na mara mbili na prosesa. Mpaka baina ya programu na kiini umevukwa mara nne pia.

Fanksheni ya sendfile huondoa safari hiyo ya uani. Programu hukabidhi stakabadhi zote mbili kwa pamoja, ile ya faili na ile ya soketi, pamoja na alama ya mahali pa kuanzia na idadi ya baiti zinazotakiwa. Kiini hufanya yaliyobaki. Mpaka huvukwa mara mbili tu, kwenda na kurudi, na data hazifiki kabisa kwenye kumbukumbu ya programu. FreeBSD iliipata fanksheni hii katika toleo la 3.0 la 1998, na Linux katika toleo la 2.2 la 1999. Linux ya wakati huo ilikuwa bado inanakili mara moja ndani ya kiini chenyewe. Ni katika mfululizo wa 2.4, ulioanza 2001, ndipo kunakili huko nako kulipoondolewa, pale kadi ya mtandao inapokuwa na uwezo wa kukusanya data kutoka sehemu mbalimbali za kumbukumbu.

Yako mambo matatu ambayo maelezo kamili hayana budi kuyataja. Kwanza, fanksheni hurudisha idadi ya baiti zilizopelekwa kwa hakika, na idadi hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko iliyoombwa. Katika Linux, wito mmoja haupeleki zaidi ya baiti 2,147,479,552 hata ukiomba zaidi. Mwandishi wa programu asiyeisoma idadi hiyo na kurudia wito mpaka data zikwishe ni sawa na karani aliyeandika kwamba lori limebeba magunia 300 bila kuhesabu kwamba yamepakiwa 200.

Pili, mfano wa ghala una mpaka wake, na ni wajibu wa mwalimu kuutaja. Gunia likitoka ghalani halimo tena, lakini data zikitumwa zinabaki failini kama zilivyokuwa. Tena, kwa kuwa kinachopelekwa si nakala ya pembeni bali ni kurasa zilezile za kumbukumbu ya kiini, mtu akilibadilisha faili kabla mpokeaji hajapata data zote, mpokeaji aweza kupokea yaliyobadilishwa. Usalama wa nakala ya uani umepotea pamoja na gharama yake.

Tatu, njia hii hufaa pale tu programu isipokuwa na haja ya kuzigusa data. Data zikihitaji kufumbwa kwa siri kabla ya kusafiri, lazima mtu afungue gunia. Kwa miaka mingi ufumbaji ulifanywa na programu yenyewe, na hivyo sendfile haikusaidia kitu. Ni tangu Linux 4.13 ya 2017 ambapo kiini chenyewe kimeweza kuifanya kazi hiyo kwa upande wa utumaji.

4.0 Tafsiri sisisi na hatari zake

Msomaji aliyefika hapa anaweza sasa kuona kwa nini tafsiri ya jina peke yake ingempotosha. Tafsiri sisisi ya sendfile ni "tuma faili". Lakini fanksheni hii haitumi faili kwa maana ambayo Mswahili huipa neno hilo. Haitumi jina la faili, wala tarehe yake, wala jina la mwenye nalo. Hutuma mfululizo wa baiti, pengine kipande tu cha katikati. Tangu toleo la 2.6.33 la Linux la 2010, haihitaji hata soketi, kwani yaweza kupeleka data kutoka faili moja hadi jingine. Kwa hiyo hata Kiingereza kimebeba jina ambalo limepitwa na dhana yake. Tukilitafsiri neno kwa neno, tutakuwa tumerithi kosa la wenzetu na kulisanifisha.

Kitenzi chenyewe nacho kina mtego. Kauli ya kutendea ya -tuma ni -tumia, nayo hugongana na -tumia yenye maana ya kukifanyia kitu kazi. Sentensi "programu inatumia soketi" yaweza kusomwa kwa namna mbili, na katika maandishi ya kiufundi utata wa aina hiyo ni hasara. Sisi tungependelea -peleka, au -pitisha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya -pita na kinaonyesha vizuri kwamba kiini ndicho kisababishi cha data kupita.

Yako pia mafunzo katika mpangilio wa maneno. Katika Linux, fanksheni hutaja kwanza mahali pa kupelekea, kisha mahali pa kutolea. FreeBSD hufanya kinyume: faili kwanza, soketi baadaye. Viwango vya POSIX haviitambui fanksheni hii, na hivyo hakuna mwamuzi. Wanafunzi hulazimika kukariri. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili anayo mipangilio yote miwili nyumbani kwake. Asemapo "mtumie mama fedha", mpokeaji ametangulia kitu kinachotumwa. Asemapo "toa mahindi ghalani uyapeleke sokoni", chanzo kimetangulia kikomo. Mwalimu anayeijua sarufi ya lugha yake anaweza kuifanya tofauti hii ikumbukwe bila jasho. Anayefundisha kwa Kiingereza cha kuazima hana silaha hiyo.

Mfano mwingine ni dhana ambayo sendfile huitumikia, ambayo baadhi hupendekeza iitwe "nakala sifuri". Istilahi hii ni fupi, na hivyo inakidhi kigezo cha iktisadi. Lakini haikidhi kigezo cha usahihi, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba data huhamishwa bado kutoka diskini hadi kwenye kumbukumbu, na kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye kadi. Kilichofikia sifuri ni unakili unaofanywa na prosesa, tena kwa masharti. Tunapendekeza "upitishaji wa moja kwa moja". Istilahi hiyo ni ndefu zaidi, lakini haidanganyi.

5.0 Pingamizi

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mwandishi wa programu hawezi kukikwepa Kiingereza, maana miongozo yote imeandikwa kwa lugha hiyo. Hilo ni kweli, na majina ya fanksheni yatabaki kuwa ya Kiingereza. Lakini kuisoma miongozo ni jambo moja, na kuielewa mashine ni jingine. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi tangu 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliandika kwamba lugha hiyo itumike katika ngazi zote, lakini shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi husikia somo kwa Kiingereza, hulihamishia katika Kiswahili ili alielewe, kisha hulirudisha katika Kiingereza ili alijibu. Anahama mara mbili, na mara nyingi katika safari hizo gunia halifunguliwi. Hukariri, hupasi, na husahau.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Watasema: kama mwandishi anaisifu fanksheni inayopitisha data bila kuzigusa, kwa nini asikubali istilahi zipitishwe hivyohivyo? Bafa ibaki bafa, soketi ibaki soketi, na kazi iishe. Jibu letu ni kwamba hapa ndipo mtaalamu wa istilahi anapotofautiana na sendfile. Kiini cha mfumo endeshi hakiwajibiki kujua kilichomo ndani ya data. Mtaalamu wa lugha anawajibika. Utohozi ni njia halali ya kuunda istilahi na hatuukatai. Maneno soketi na faili tumeyatumia katika makala haya bila kuomba radhi. Hata hivyo neno lililotoholewa bila kuelezwa ni gunia lililofika Songea likiwa limeshonwa. Limefika salama, anwani ni sahihi, lakini aliyelipokea hajui kama ni mahindi au ni mchanga.

Hata neno faili liliingia hivyo, kwa njia ya ofisi na masjala, na halikupata mizizi kwa sababu ya kutangazwa bali kwa sababu kila karani alionyeshwa faili, akalishika, akajua namba yake na kabati lake. Neno soketi nalo lilifuata nyaya za umeme. Songea iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli iliunganishwa na gridi ya taifa 2018, na maana ya soketi kwa fundi wa huko ni kitu anachokijua kwa vidole vyake. Soketi ya mtandao haina kitu cha kushika. Kinachoweza kuchukua nafasi ya vidole ni maelezo tu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza fanksheni ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, pamoja na faida zake, mipaka yake na makosa ambayo huwanasa waandishi wa programu, bila msamiati mpya wa kutisha. Kama jaribio letu lina upungufu, na bila shaka linao, upungufu huo ni wa mwandishi, si wa lugha.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya kompyuta inayopendekezwa iambatane na aya ya maelezo inayoonyesha dhana ikifanya kazi, na istilahi isiyoweza kubebwa na aya ya namna hiyo irudishwe kwa aliyeiunda. Pili, aya hizo zijaribiwe nje ya vyuo vikuu kabla ya kusanifishwa. Kipimo kisiwe kama msomaji amelipenda neno, bali kama anaweza kujibu swali: mathalani, nini kitatokea iwapo faili litabadilishwa wakati data zake zinapelekwa? Tatu, idara za Kiswahili na idara za sayansi ya kompyuta zisimamie kwa pamoja tasnifu za uzamili katika uwanja huu. Mwanaisimu peke yake ataunda neno zuri la dhana asiyoijua, na mtaalamu wa kompyuta peke yake ataijua dhana asiyoweza kuisema.

Yule fundi umeme wa Songea hakuwa mjinga, na swali lake halikuwa la mzaha. Aliuliza swali ambalo kamati zetu hazina budi kulijibu kila zinapokutana: neno hili mmetuletea, ndani yake mna nini?